Usaili wa Kazi ni Suala la Haki: Mafunzo kutoka Ngara na Biharamulo

Kada yeyote aliyepata kufanya kazi katika Wilaya za Ngara na Biharamulo anajua kwamba ni nadra mkutano wa hadhara kwisha bila suala la ajira kuzuka. Kijana husimama akasema ameitwa kwenye usaili mara nne na mara zote hakuambiwa alishindwa wapi. Mzee husema kazi za mgodi wamepewa wageni. Mwanachama wa ushirika husema karani aliyeajiriwa msimu uliopita alikuwa na vyeti vizuri na maneno mazuri, lakini kilo za wakulima zilipungua kila zilipopita mikononi mwake. Malalamiko haya matatu huzungumzwa kana kwamba ni mambo matatu mbalimbali. Sisi tunaona kwamba mara nyingi ni jambo moja, maana yote hutoka katika chumba kimoja, nacho ni kile chumba chenye meza ndefu, jopo upande mmoja na mwombaji upande wa pili.

Makala haya yanawahusu wale wanaokaa upande wa jopo: wajumbe wa bodi za vyama vya ushirika vya msingi, wakuu wa shule na hospitali, wajumbe wa kamati za ajira, mameneja wa kampuni na viongozi wa mashirika. Semina za kumfundisha kijana namna ya kujibu maswali ni nyingi. Semina za kumfundisha mwajiri namna ya kuuliza ni chache, kana kwamba mtu akishapewa cheo cha kuajiri amezaliwa upya na ujuzi wa kuajiri.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni la kitaalamu tupu na kwamba tuwaachie maofisa utumishi. Hatukubaliani nao. Kazi ni riziki. Anayeamua nani apate kazi na nani akose anagawa riziki ya jamii, na namna riziki inavyogawanywa ni suala la siasa tangu mwanzo hadi mwisho.

Tulikotoka

Wakati wa ukoloni kibarua hakusailiwa. Kutoka Bugufi na Bushubi, nchi ambazo leo zimo katika Wilaya ya Ngara, wanaume walitembea kwa miguu mpaka Buganda kutafuta kibarua katika mashamba ya pamba na kahawa. Kwa upande wa mkonge, wenye mashamba waliunda mwaka 1944 chombo chao cha kukusanya vibarua, kilichojulikana kwa jina la SILABU. Kibarua alitazamwa mwili, akapewa namba, akasafirishwa. Na neno manamba tumelipata huko. Mwajiri hakuwa na haja ya kumwuliza mtu anajua nini, kwa sababu hakuwa akiajiri mtu; alikuwa akinunua mikono.

Tunalitaja jambo hili si kwa kusimulia historia tu. Mabaki yake bado tunayo. Mwajiri anayejigamba leo kwamba yeye akimwona mtu anaingia mlangoni tu amekwisha mjua, anatumia mbinu ile ile ya msimamizi wa mkonge. Tofauti ni kwamba ameacha kutazama misuli, sasa anatazama shati na kusikiliza lafudhi.

Funzo la pili ni la mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa siku moja hivi, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Benaco, mahali palipopata jina lake kutokana na kampuni ya Kitaliani ya ujenzi wa barabara, pakageuka mji kwa siku chache. Nyuma ya wakimbizi yakaja mashirika ya misaada, nayo yalihitaji madereva, walinzi, makarani wa ghala, wauguzi na wakalimani, na yaliwahitaji leo, si kesho. Yalilipa mishahara ambayo Serikali haikuweza kuilipa. Walimu wakaacha chaki, wauguzi wakaacha zahanati, watumishi wa ofisi za wilaya wakaacha majalada mezani. Hatuwalaumu waliokwenda, mtu ana watoto wa kulisha. Lakini namna watu walivyochaguliwa inafaa kuchunguzwa.

Mkuu wa shirika aliyetoka Ulaya hakujua Kiswahili, sembuse Kihangaza. Mwombaji aliyemudu Kiingereza ndiye aliyeweza kuzungumza naye, na kwa hiyo ndiye aliyeonekana hodari. Sasa tazama ukinzani uliopo hapa. Kazi nyingi za kambini zilikuwa kusema na wakimbizi, watu wa Kinyarwanda na baadaye wa Kirundi, na Mhangaza wa kawaida anazielewa lugha hizo tangu utotoni kwa kuwa lugha yake na zao ni ndugu wa karibu. Ujuzi ambao kazi iliuhitaji zaidi haukuwa na alama. Ujuzi uliopewa alama ni ule uliomrahisishia msaili mazungumzo yake. Manung'uniko ya wenyeji kwamba kazi za kambini zilichukuliwa na watu wa mikoa mingine yalikuwa na sababu kadhaa, na mojawapo ilikuwa hii. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao, na kambi ya Lukole iliyobaki na Warundi ikafungwa mwaka 2008. Ajira zile zikaisha, lakini tabia ya kuchagua watu kwa ufasaha wao wa kuzungumza na bosi ikabaki.

Tangu hapo miradi mingine imekuja. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, Biharamulo, ulianza uzalishaji mwaka 2005, na mwaka 2013 ukachukuliwa na STAMICO na kuendeshwa kwa jina la Stamigold. Pale Rusumo umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80 unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Mwaka 2021 iliundwa kampuni ya Tembo Nickel kwa ajili ya nikeli ya Kabanga, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Kila mradi wa namna hii unapotangazwa, vijana wa Rulenge, Bugarama, Nyakahura na Lusahunga hukimbilia kupiga picha za pasipoti. Wanachokitaka kwanza ni kuhesabiwa sawa na wengine. Hilo lipo ndani ya uwezo wa mwajiri hata pale ambapo nafasi ni kumi na waombaji ni mia tano.

Mazungumzo si usaili

Usaili wa kawaida tunaoujua uko hivi. Mwombaji anaingia. Mwenyekiti anasema, "Hebu jieleze kwa ufupi." Mwombaji anataja shule alizosoma. Mjumbe mmoja anagundua kwamba alisoma shule hiyo hiyo, wanacheka kidogo. Mwingine anauliza kama yeye ni mwaminifu, naye anajibu kwamba ni mwaminifu. Wa tatu anauliza swali juu ya jambo alilolisikia redioni asubuhi. Anayefuata anaulizwa mengine kabisa. Jioni jopo linakaa, mwenyekiti anasema, "Mimi yule wa tatu nimempenda," na wengine wanaona kwamba hata wao walikuwa wamempenda.

Kwamba njia hii haifai si maoni yetu tu. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 juu ya njia za kuchagua wafanyakazi. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake waliyapitia upya mahesabu ya aina hiyo, wakaona kwamba mengi yalikuwa yamekuzwa. Kipimo chao huanzia 0, maana yake njia haitabiri chochote kuhusu utendaji wa mtu kazini, hadi 1, maana yake inatabiri bila kosa. Usaili uliopangwa, yaani ule ambao kila mwombaji huulizwa maswali yale yale yanayotokana na kazi na kupewa alama kwa kipimo kimoja, ulipata 0.42, ukawa wa kwanza kuliko njia zote. Usaili wa mazungumzo ulipata 0.19. Na idadi ya miaka ya uzoefu, ambayo matangazo yetu ya kazi yanaipenda mno, ilipata 0.07. Msomaji aone kwamba hata njia iliyo bora haifiki nusu. Anayedai kwamba yeye hakosei katika kuchagua watu anajidanganya.

Kuna jaribio jingine, la mwaka 2013, lililofanywa na Jason Dana, Robyn Dawes na Nathanial Peterson. Wanafunzi wa chuo waliwasaili wenzao ili wakisie watapata alama gani katika masomo. Baadhi ya wasailiwa walielekezwa kwa siri wajibu maswali kwa kubahatisha, bila kujali ukweli. Wasaili hawakutambua. Walitoka chumbani wakiamini kwamba wamemfahamu mtu. Na wale waliokisia kwa kutazama alama za zamani peke yake, bila kumsaili mtu, walikaribia ukweli zaidi. Kwa hiyo mazungumzo yasiyo na mpango yanaweza kumwongezea msaili imani huku yakimpunguzia maarifa, na kiongozi mwenye imani nyingi na maarifa machache ni hatari popote alipo.

Tuanzie kwenye kazi yenyewe

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha msingi cha wakulima wa kahawa kinachotafuta karani wa mizani. Tumeichagua kazi hii kwa makusudi. Mshahara wake ni mdogo, haitangazwi magazetini, na wengi huiona ni kazi ya mtu yeyote mwenye kidato cha nne. Lakini karani huyu ndiye Chama, ndiye ushirika, ndiye haki, machoni pa mkulima anayeleta jasho la mwaka mzima katika magunia matatu.

Bodi ikae juma moja kabla ya usaili na kujiuliza swali moja: karani wa mizani hufanya nini siku ya kazi? Tusikubali jibu la kwamba "awe mwaminifu na mchapakazi." Hizo ni sifa za malaika. Tutaje matendo. Asubuhi anakagua mizani kama inasoma sifuri na kama ina alama ya Wakala wa Vipimo. Anapokea kahawa ya maganda, anaishika kuona kama imekauka, anaingiza mkono ndani ya gunia kuona kama hakuna mawe. Anapima, anatoa uzito wa gunia tupu, anaandika stakabadhi, na kwa mkulima asiyejua kusoma anamsomea kwa sauti. Anamkatalia shemeji wa mwenyekiti anayetaka kupita mbele ya foleni. Anamtambua mlanguzi aliyenunua kahawa ikiwa bado shambani kwa butura, ambaye sasa anailetea mizani kwa jina la mtu mwingine. Jioni anajumlisha daftari na kulinganisha na kilichomo ghalani.

Baada ya kuandika haya, sehemu kubwa ya usaili imekwisha jipanga yenyewe. Matendo mengi kati ya hayo hayahitaji kuulizwa kabisa, yanahitaji kutazamwa. Mwombaji apelekwe ghalani. Mizani iwekwe ikiwa imesogezwa kidogo kutoka sifuri. Yawepo magunia matatu, moja likiwa na kahawa mbichi chini na kavu juu. Aambiwe, "Mpokelee mkulima huyu kahawa yake," na mjumbe mmoja wa bodi awe ndiye mkulima. Kisha jopo linyamaze, litazame. Je, ameiangalia mizani kabla ya kupima? Ameingiza mkono mpaka chini? Ameongea na mkulima kama mwenye mali au kama mwombaji wa msaada?

Halafu apewe karatasi: magunia yana kilo 61.4, 58.7 na 49.9, kila gunia tupu lina kilo 0.8, bei tuseme ni shilingi 3,000 kwa kilo, mkulima anastahili kiasi gani? Jibu ni kilo 167.6, yaani shilingi 502,800. Anayesahau kutoa uzito wa magunia anakipunja chama shilingi 7,200 kwa mkulima mmoja. Anayetoa kilo 2 kwa kila gunia badala ya 0.8, "kwa usalama", anampunja mkulima shilingi 10,800. Zoezi lote halizidi dakika ishirini, na gharama yake ni kuazima mizani ambayo chama tayari kinayo.

Faida kubwa ya zoezi la namna hii ni nani linayemwonyesha. Yupo msichana ambaye tangu utoto amekwenda na mama yake kuuza kahawa, anayejua kwa vidole tu kama punje imekauka, ambaye hajawahi kuingia ofisi yenye zulia. Katika usaili wa mazungumzo atakaa pembeni ya kiti, atajibu kwa sauti ndogo, hatamtazama mzee machoni kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, na jopo litaandika kwamba hajiamini. Ghalani atawashinda wote. Malezi yetu yanamfundisha kijana asijisifu mbele ya wakubwa, kisha mkubwa huyo huyo anamnyima kazi kwa sababu hakujisifu.

Maswali, na namna ya kuyapa alama

Yako mambo ambayo hayawezi kutazamwa kwa dakika ishirini, hasa mwenendo wa mtu akiwa na mali ya wengine. Hapa ndipo mahojiano yana kazi. Lakini kumwuliza mtu kama ni mwaminifu ni kumwalika aseme ndiyo. Mwulizeni alichofanya: "Tueleze siku moja ulipokuwa na fedha au mali ya watu wengine, ikapungua. Ilikuwaje, na ulifanya nini?" Asiyewahi kuajiriwa naye ana la kujibu, aliwahi kushika mchango wa harusi, mfuko wa darasa, au duka la mjomba. Au mwekeni katika hali ya kazi: "Mtu unayemjua kuwa na shamba la kutoa magunia mawili amekuja jioni na magunia kumi. Utafanya nini?"

Kabla mwombaji wa kwanza hajaingia, jopo likubaliane jibu gani linapata alama moja, lipi tatu, lipi tano. Kwa swali la magunia kumi, anayesema atapima tu kwa kuwa kazi yake ni kupima apate moja. Anayesema atakataa na kumfukuza apate tatu, maana amekiona kitendo lakini amesahau kwamba huenda mtu huyo amebeba kahawa ya majirani kwa halali. Anayesema atamwuliza ni ya nani, ataandika kila gunia kwa jina la mwenyewe, na kumjulisha katibu kabla ya kutoa stakabadhi, apate tano. Bodi nyingine inaweza kupanga tofauti na sisi. Muhimu ni kwamba kipimo kimewekwa wakati hakuna sura ya mtu mbele yao, na kwa hiyo hakiwezi kuvutwa kumfuata mtu.

Kila mjumbe aandike alama zake peke yake, kwa kila swali, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Wakati wa kuzisoma, aanze mjumbe mdogo kwa cheo na umri, mwenyekiti awe wa mwisho. Mwenyekiti akianza, mila yetu ya kuheshimu wakubwa itamaliza usaili hapo hapo. Tunajua kwamba utaratibu huu unawaudhi baadhi ya wenyeviti. Na wavumilie.

Lugha ya usaili iwe lugha ya kazi. Karani atakayesema na wakulima kwa Kiswahili asailiwe kwa Kiswahili. Ikiwa kazi inadai Kiingereza, kama kuandika ripoti kwa wafadhili, apewe ripoti aiandike.

Juu ya adabu ya chumba tutasema machache. Mtu aliyetoka Murusagamba kuja Ngara mjini, au Nyakanazi kuja Biharamulo, amelipa nauli na pengine amelala kwa watu. Kumwita saa mbili asubuhi na kumsaili saa kumi jioni ni dharau. Jopo lipange saa za watu, lijitambulishe kwa majina, lieleze kazi na mshahara bila kuficha, na mwisho limwachie mwombaji nafasi ya kuuliza. Swali lake mara nyingine huonyesha mengi kuliko majibu yake.

Kabila, uraia na "mzawa"

Hapa tunafika mahali pagumu zaidi katika wilaya hizi mbili. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo ni njia panda: pale Nyakanazi na Lusahunga hupita barabara za Kahama, Kigoma, Mwanza na Rusumo, na wilaya ina Wasubi, Wazinza, Wasukuma, Waha na wengine wengi. Watu wa hapa wamezoea kutiliwa shaka kwa sababu ya sura au lafudhi. Mwaka 2013 ilifanyika Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika Kagera, Kigoma na Geita, na kumbukumbu yake haijafutika majumbani. Katika mazingira hayo, mjumbe wa jopo anapouliza, "Babu yako alizaliwa wapi?", yeye anaweza kudhani anafanya uchunguzi. Anayeulizwa anasikia kwamba hatakiwi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa moja kwa moja au wa kuzunguka kwa misingi ya kabila au mahali mtu alikotoka, dini, siasa, jinsi, ujauzito, ndoa, ulemavu, VVU, umri na mingineyo. Kifungu hicho kinamlinda pia mwombaji wa kazi, si mwajiriwa peke yake. Na mlalamikaji akionyesha dalili za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haukutokea. Kwa hiyo maswali kama "Umeolewa?", "Unatarajia kuzaa lini?" au "Wewe ni Mhangaza au Mrundi?" ni ushahidi ambao mwajiri anajitengenezea dhidi yake mwenyewe.

Sheria hiyo hiyo inaruhusu kuwaajiri raia kwa kufuata sheria ya huduma za ajira, na inaruhusu masharti ambayo yanatokana na kazi yenyewe. Hakuna mgongano hapa. Uraia uthibitishwe kwa kitambulisho cha Taifa, kwa kila mwombaji bila kuchagua sura, na mtu wa ofisi, nje ya chumba cha usaili. Jopo lisihusike nalo.

Vipi juu ya madai ya wenyeji wanaoishi kando ya mgodi? Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinataka Watanzania wenye sifa wafikiriwe kwanza. Zinasema Watanzania. Wanakijiji walioachia ardhi na wanaovumilia vumbi wana dai la haki, wala hatuwezi kulipuuza. Lakini dai hilo lisitimizwe kwa kuongeza alama kwa siri, maana siri hiyo hiyo kesho itatumika kuwaongezea wengine. Litimizwe kabla ya usaili: matangazo yabandikwe katika ofisi za vijiji, kwa Kiswahili, kwa muda wa kutosha, masharti yasiyohusu kazi yaondolewe, vijana wafundishwe udereva wa mitambo na uchomeleaji mapema, wala si mwezi mgodi unapofunguliwa. Mtu wa Bugarama akiingia chumbani akiwa amejiandaa hahitaji huruma ya mtu.

Juu ya walemavu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Mwajiri anayefanya usaili ghorofani mahali pasipo na njia ya kiti cha magurudumu amekwisha amua.

Vimemo

Katika utumishi wa umma, Sekretarieti ya Ajira, iliyowekwa kwa marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, ilikusudiwa kuendesha ajira kwa ushindani na kwa uwazi. Lakini kazi nyingi za wilayani, za ushirika, za shule binafsi, za mashirika na za makandarasi, ziko nje yake. Huko kimemo bado kina nguvu.

Hatuna budi kujikosoa. Vimemo vingi haviandikwi na maadui wa wananchi. Vinaandikwa na sisi, makada, kwa kalamu zetu, kwa kijana ambaye alitusaidia kwenye kampeni, kwa mtoto wa balozi wa nyumba kumi, kwa mpwa. Tunajiambia kwamba tunamsaidia mnyonge. Hatumwoni mnyonge mwingine, asiyetufahamu, ambaye alikuwa na alama nyingi zaidi na ambaye sasa anapanda gari kurudi Rulenge. Mjumbe mwenye ndugu miongoni mwa waombaji atamke na kutoka nje, na kutoka kwake kuandikwe katika muhtasari. Kimemo kikija, kiwekwe ndani ya jalada la ajira, pamoja na jina la mwandishi. Waandishi watapungua.

Lipo lililo baya kuliko kimemo. Kumdai mwombaji ngono ili apate kazi ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Njia ya kulizuia ni rahisi kuliko kulithibitisha baadaye: asiwepo mtu mmoja mwenye uwezo wa kuajiri peke yake, usaili usifanyike hotelini wala usiku, jopo liwe na wanawake, na simu ya kumwita mwombaji ipigwe kutoka ofisini.

Baada ya usaili

Wadhamini waulizwe kama waombaji walivyoulizwa, yaani juu ya matendo. "Ni kijana mzuri" si taarifa. "Alishika ufunguo wa ghala kwa miezi mingapi, na hesabu ya mwisho ilikuwaje?" ni taarifa.

Alama zijumlishwe, na anayeongoza achukuliwe. Ikiwa jopo linataka kumwacha aliyeongoza, liandike sababu, na wajumbe waiwekee saini. Sababu nyingi hufa pale zinapotakiwa kuandikwa. Walioshindwa wapelekewe barua au ujumbe wa simu kabla ya kusikia habari mitaani, na atakayeuliza alipungukiwa wapi aonyeshwe alama zake. Kijana aliyeambiwa kwamba alisahau kutoa uzito wa magunia atajifunza hesabu. Asiyeambiwa kitu atajifunza kutafuta mtu wa kumwandikia kimemo.

Karatasi za alama zisitupwe. Msimu ukiisha, bodi ichukue karatasi ya karani iliyemwajiri na daftari lake la mizani, iviweke mezani pamoja. Swali gani lilimwonyesha kama alivyo, na lipi lilidanganya? Swali lililodanganya lifutwe, na jingine liandikwe mahali pake kabla ya tangazo la msimu unaofuata kubandikwa.